Plasta ya Nyumba, Plasta ya Mtu

Kama gazeti la wiki jana ulilifungia mandazi kabla hujanisoma, nakusamehe. Nitakukumbusha haraka, kisha tuendelee na aibu yangu.

Mimi ni Chrispine Ombui, fundi wa jipsam, zile dari nyeupe ambazo siku hizi mtu akijenga lazima aziweke hata kama bado analalia mkeka. Naishi Suna, hapa Migori, na mke wangu Lynnet na binti yetu Velma. Mwaka jana niliona tangazo kwenye mlango wa duka la fotokopi: chuo fulani Homa Bay kinafundisha Plaster Technician, miaka miwili, unatoka na cheti. Nikasema hiyo ni yangu. Plasta naijua, kilichobaki ni karatasi tu. Nikajaza fomu, mahali pa mdhamini nikaandika nambari ya simu ya Lynnet, nikalipa, nikaripoti na mwiko mpya kwenye begi.

Siku ya kwanza mwalimu aliingia akisukuma mifupa ya mtu iliyoning'inia kwenye chuma, akasema, "Huyu ndiye mtakayefanya naye kazi."

Plasta yenyewe ilikuwa ya kufunga watu waliovunjika. Wiki jana tuliachia hapo, mimi nikiwa nimeuficha mwiko chini ya dawati.

Mmeniuliza sana: kwa nini hukutoka? Nitajibu, maana nilipoanza kusimulia haya nilikata shauri nisijipake mafuta. Kwanza, karo hairudishwi. Pili, kanisani walikuwa wameniombea, wakanichangia nauli, na ningewaangalia vipi? Tatu, mwezi wa tatu hivi, mzee mmoja tuliyemfunga mguu alinishika mkono akaniambia, "Asante, daktari." Mimi si daktari na sitakuwa. Lakini nilirudi chumbani nikajiangalia kwenye kioo kwa muda mrefu. Nilipenda.

Aliyenisumbua ni baba mkwe, mzee Ondieki, mwashi wa miaka mingi.

"Unasomea nini huko?" aliniuliza nilipoenda kumsalimia.

"Plasta, baba."

"Plasta gani? Mimi si ningekufundisha bure?"

"Ya watu, baba. Si ya nyumba."

Mzee alicheka mpaka akashika ukuta. Tangu siku hiyo hanisalimii kwa salamu ya kawaida. Ananiona kwa mbali, anauliza, "Plasta gani leo, ya nyumba ama ya mtu?" Suna nzima ikaidaka. Wa boda ananiuliza plasta gani, kinyozi plasta gani, hata mchungaji siku moja aliniuliza, kisha akajifanya anakohoa.

Mtu mmoja tu hakuwahi kuniuliza. Ni Lynnet. Yeye alikuwa akiniambia, "Pole na kazi, daktari," na alikuwa hatanii. Likumbuke hilo, utalihitaji.

Basi mwaka wa kwanza ukaisha, nikafaulu, tukafunga. Jumapili moja Lynnet aliitoa kalenda ukutani, akaigeuza nyuma, akaniwekea kalamu.

"Andika."

"Niandike nini, mama Velma?"

"Cheti. Kinakula ngapi, kitaleta ngapi. Nataka kujua friji yangu nauza kwa nini."

Friji hiyo ndiyo kibanda chake. Ndani kuna soda, maziwa na samaki wa kesho. Alikuwa ameamua kuiuza ili nimalizie mwaka wa pili, na alitaka kwanza aone hesabu kwa macho yake.

Tukaandika. Karo ya mwaka wa kwanza elfu sabini na mbili, imekwisha kulipwa. Ya mwaka wa pili elfu sitini na nne. Chumba Homa Bay elfu mbili mia tano kwa mwezi, miezi ishirini. Koti jeupe, viatu, usajili wa mtihani, tukakadiria elfu kumi na nane. Jumla laki mbili na elfu nne.

"Na ukimaliza?"

"Wanasema kandarasi ya kuanzia ni kama elfu ishirini na sita kwa mwezi."

"Jipsam je?"

Nikakohoa. Jipsam ni elfu moja mia tano kwa siku, lakini kazi haiji kila siku. Januari hakuna anayejenga, kila mtu analipia watoto shule. Tukakubaliana kumi na nane kwa mwezi.

"Kwa hivyo cheti kinaongeza elfu nane kila mwezi," Lynnet alisema, kidole kikiwa kwenye karatasi. "Laki mbili na nne gawanya na nane. Miezi ishirini na sita. Miaka miwili na kitu kidogo pesa yetu imerudi."

Hesabu yake ilikuwa safi. Mimi ndiye niliyeichafua, kwa sababu nina mdomo.

"Umesahau pesa ambazo sitapata nikiwa darasani. Kumi na nane mara miezi ishirini. Ukiongeza hizo, ni karibu miaka sita."

Alilaza kalamu. Nikadhani nimeshinda.

"Na shingo yako umeihesabu?"

"Shingo?"

"Jipsam ni kuangalia juu kutwa nzima. Miaka sita ikiisha utakuwa unaangalia juu hata ukila. Mtu wa payslip akiugua mshahara unaingia. Akitaka mkopo sacco inampa. Wewe ukiumwa shingo wiki moja, sisi tunakula ugali na chumvi."

Nilijipapasa shingo, na kusema kweli iliuma.

Friji ikaenda Jumanne, elfu thelathini na nane. Na elfu ishirini na sita tulizoweka, karo ikatimia. Lynnet akanitumia zote kwa simu, kisha akaniambia maneno ambayo hadi leo nikiyakumbuka najikuna kichwa.

"Baba Velma, hiyo si pesa. Hiyo ni friji. Ukiitumia kwa kitu kingine, ujue umekula friji."

"Kwani mimi nina meno ya friji?"

Hakucheka.

Karo ilikuwa inafungwa Ijumaa ya wiki iliyofuata, saa sita za usiku, mfumo wa kompyuta unajifunga wenyewe. Asiyelipa, nafasi yake inapewa mwingine, na mwaka wake wa kwanza unakuwa hadithi ya kusimulia magazetini. Mimi ningelipa siku hiyo hiyo ya Jumanne. Kidole kilikuwa kwenye simu, naapa. Lakini nilikuwa nimesimama mbele ya duka la vifaa vya ujenzi la Mwikwabe.

Mwikwabe ni Mkuria mmoja mnene, mkarimu, na ameniingiza kwenye shida nyingi kwa nia njema kabisa.

"Ombui, kuja hapa," aliita. "Iko dari Sindo, kule ziwani. Nyumba ya mwalimu mstaafu, mita mia moja na kumi na nane. Analipa elfu moja kila mita. Anataka fundi anaweza maliza Ijumaa ya wiki ijayo."

"Mbao za jipsam nani ananunua?"

"Fundi. Mwalimu analipa yote kazi ikiisha, hataki mambo ya diposti, aliumwa na fundi mwingine. Kwangu utazipata na vyuma na unga wa plasta, yote elfu sitini na mbili. Pesa mkononi lakini. Ya mkopo sina."

Kichwa changu kikaanza kupiga hesabu nyingine, bila kalenda. Laki moja na kumi na nane. Toa elfu kumi na mbili za Cephas, fundi mwenzangu. Inabaki laki moja na sita. Lipa karo sitini na nne, bado muda upo. Inabaki arobaini na mbili. Na friji ilikuwa bado iko kwa yule aliyeinunua, naijua nyumba yake.

Niliona kabisa picha hiyo. Mimi naingia Suna na risiti ya karo mfukoni na friji juu ya mkokoteni. Lynnet anashika mdomo. Mzee Ondieki anakosa la kusema.

Nikamlipa Mwikwabe.

Lynnet alipopiga jioni, nikasema nimelipa. Sikusema nimemlipa nani. Nikamwambia chuo kimetuita mapema kufanya mazoezi, siku kumi hivi, kwenye chumba cha plasta.

"Mpaka mkiwa likizo? Pole na kazi, daktari."

Hapo ndipo dhambi yangu inaanzia, msomaji. Kwa sababu kila jioni kwa siku kumi mke wangu alinipigia akauliza leo nilikuwa wapi, na kila jioni nikajibu, "Plasta." Neno moja, na halina uongo ndani yake. Nilijiambia hata malaika wa kuandika dhambi angekwama hapo.

Mwenye nyumba aliitwa Mwalimu Risper. Alifundisha hesabu miaka thelathini na tano, na kustaafu kulimwondoa darasani, hakukumwondolea kalamu nyekundu. Kila asubuhi alipita chini ya dari na rula. Penye kosa anazungusha duara. Penye sawa anaweka alama ya vema. Cephas alisema tangu darasa la nane hajawahi kuogopa mtu namna hiyo.

Siku ya kwanza kabisa alinikalisha.

"Nyathina," alisema, na hivyo ndivyo alivyoniita, mtoto wangu, kwa Kijaluo, mimi Mkisii mzima, "wewe unasali wapi?"

"Mimi Msabato, Mwalimu."

"Vizuri. Basi tunaelewana. Ijumaa jua likizama, nyumba hii hainunui, haiuzi, hailipi, hailipwi. Maliza mapema nikupe pesa yako mapema. Sitaki kuingia Sabato nikiwa na deni la mtu."

"Nimeelewa, Mwalimu."

Ningebishana na nini? Hata nyumbani kwetu Ijumaa jioni Lynnet anafunga kibanda mtu akiwa na shilingi mkononi.

Tukafanya kazi. Nitajisifu kidogo, nikubalieni: ile dari ilitoka. Ijumaa saa tisa alasiri tulikuwa tumemaliza vyumba vyote, Cephas anafagia, mimi nafuta vumbi. Muda ulikuwa tele. Mwalimu akaja na rula yake. Chumba cha kwanza, vema. Cha pili, vema. Sebuleni akasimama, akakunja macho.

"Pale kwenye kona kuna mstari."

"Ni kivuli, Mwalimu."

"Kivuli hakina pembe tisini."

"Acha nipande mimi."

Lakini alikuwa ameshavuta stuli. Mwalimu wa hesabu hatumi mtu kuangalia kosa. Alipanda, akanyoosha kalamu, akazungusha nusu ya duara, na stuli ikateleza kwenye unga ambao Cephas alikuwa bado hajaufagia. Akaanguka mkono wa kulia ukiwa mbele.

Hakupiga kelele. Alikaa sakafuni akautazama mkono wake. Kifundo kilikuwa kimeinuka na kushuka kama mgongo wa uma wa mezani. Nikakitambua. Ukurasa wa arobaini na moja, mwalimu wetu alituchorea huo uma ubaoni, nikacheka, nikatolewa nje.

Cephas akaja mbio na ndoo.

"Chris, si unga ndio huu? Si hii ndiyo unasomea? Changanya tumfunge."

"Weka chini hiyo ndoo."

"Unga ni ule ule mweupe."

"Cephas, huo ni wa nyumba. Ukiganda unachemka. Utamchoma ngozi, na mkono bado unavimba. Weka chini."

Nilishangaa kusikia sauti yangu. Ilikuwa sauti ya mtu anayejua. Nilitafuta kitu kigumu cha kuushikilia ule mkono, nikaona gazeti. Ndiyo, gazeti lenyewe hili unalolisoma, Mwalimu hulinunua kila siku kwa ajili ya yale maswali ya kujaza miraba. Nikalikunja mara nne, nikaulaza mkono juu yake, nikafunga kwa leso yake, nikamwinulia kifundo kifuani. Nikamwomba achezeshe vidole. Vikacheza. Nikabonyeza kucha, damu ikarudi.

"Wewe ni fundi wa nini hasa?" aliniuliza, jasho likimtoka.

"Plasta, Mwalimu."

Tukamkimbiza kwa pikipiki hadi hospitali ya pale mjini, yeye katikati, mimi nyuma nimemshika, Cephas akatufuata kwa nyingine. Picha ya mkono ikapigwa, tukaketi kwenye benchi kungoja daktari wa zamu. Ilikuwa saa kumi na moja na nusu. Jua lilikuwa bado liko juu ya ziwa, ila limeanza kuwa jekundu.

Mwalimu mwenyewe ndiye aliyekumbuka.

"Nyathina, pesa yako. Toa simu yangu kwenye mkoba."

Nikaitoa haraka, hata sikujifanya nasita. Akaishika kwa mkono wa kushoto, akabonyeza namba yake ya siri kwa kidole gumba. Simu ikasema amekosea. Miwani ilikuwa imebaki sakafuni kwake, kioo kimepasuka. Akajaribu tena polepole. Amekosea.

"Nikikosea ya tatu wananifungia," alisema.

"Nitajie namba, nibonyeze mimi."

Aliniangalia kama nimemwomba meno yake.

"Namba ya siri inaitwa ya siri, nyathina. Acha mkono huu ufungwe, maumivu yatulie, nitabonyeza taratibu kwa vidole vyangu. Jua bado lipo."

Tukaitwa ndani. Ndani ya chumba cha plasta kulikuwa na kijana mrefu, Maxwell, amevaa aproni yenye matone meupe. Alifungua leso, akaona gazeti, akainua kichwa.

"Nani amefunga hii?"

Cephas, aliyekuwa mlangoni, akaninyooshea kidole kama amenikamata nikiiba.

"Umesomea wapi?"

"Niko chuo Homa Bay. Nimemaliza mwaka wa kwanza. Tunafungua Jumatatu."

"Mimi pia nilitoka huko. Osha mikono, mwenzangu ameacha kazi mwezi jana na sina wa kunishikia."

Daktari wa zamu alimchoma Mwalimu sindano ya ganzi, akauvuta mkono hadi mfupa ukarudi mahali pake, akaondoka kwa mgonjwa mwingine. Maxwell akaanza kulowesha bandeji za plasta kwenye maji. Huku akifunga, nikamuuliza lile swali ambalo kila mwanafunzi wa chuo chetu anataka kuuliza na anaona haya.

"Ndugu yangu, hii kitu inalipa?"

Akacheka. "Nilikaa miezi kumi na moja nyumbani na cheti ukutani. Mama yangu alikuwa akikipangusa vumbi kila Jumapili. Sasa ni kandarasi, elfu ishirini na saba."

"Miezi kumi na moja." Hiyo hata kwenye kalenda yetu hatukuiandika.

"Lakini sikiliza. Nafasi ya mwenzangu watatangaza wakati wewe unamaliza, mwakani. Wakiniuliza nani anajua kazi, nina mdomo. Ila uwe na cheti. Bila cheti usilete hata sura."

Kazi ilikuwa pale, naikanyaga sakafu yake. Kati yangu na ile kazi kulikuwa na cheti. Kati yangu na cheti, elfu sitini na nne kabla ya saa sita usiku. Na hizo elfu sitini na nne zilikuwa ndani ya simu ya mwanamke ambaye mkono wake nilikuwa nimeushika mimi.

"Shika hapa," Maxwell alisema. "Vuta hivi, usilegeze mpaka igande. Ukilegeza, mfupa unateleza, na atakaa na mkono wa kombo maisha yake yote."

Nikashika. Dirisha lilikuwa mbele yangu. Jua lilikuwa limegusa maji.

Simu yangu ikaanza kutetemeka mfukoni. Ikanyamaza. Ikatetemeka tena. Maxwell akaniangalia.

"Unataka kupokea?"

"Hapana."

Sasa nikuambie kilichokuwa kichwani mwangu, maana hiki ndicho nilichokuja kuungama leo. Ningeweza kuachilia mapema kidogo. Ilikuwa imeanza kuganda, dakika mbili tatu hazingeonekana na mtu. Ningesema, "Mwalimu, tayari, bonyeza sasa." Mfupa ungeteleza au usingeteleza. Nani angejua? Mwalimu angejua siku plasta inatolewa, na mimi ningekuwa darasani na risiti yangu.

Nilimtazama. Alikuwa amefumba macho, na zile rangi za kalamu nyekundu bado ziko kwenye vidole vyake vilivyovimba. Huo ndio mkono anaoandikia.

Sikuachilia. Plasta ikapata joto chini ya viganja vyangu, ikaanza kuwa ngumu, ikapoa. Maxwell akagonga kwa ukucha, ikalia. "Achilia sasa," akasema. "Kazi safi."

Nilipoinua macho, dirishani hakukuwa na jua.

Mwalimu Risper naye alikuwa ameligeukia dirisha. Tulilitazama pamoja, sisi Wasabato wawili.

"Sabato imeingia," alisema.

"Imeingia, Mwalimu."

"Ero kamano, asante, kwa mkono wangu. Mungu akubariki. Pesa yako ni kesho jua likizama, nitakuongezea na ya usumbufu."

Hapo nikamweleza. Nilimweleza yote, friji, Mwikwabe, saa sita usiku, mwaka wa kwanza unaopotea. Maxwell aliacha kuosha ndoo. Cephas, ambaye hata yeye hakuwa akijua, alikaa chini mlangoni.

"Mwalimu," nilimalizia, "hata ng'ombe akitumbukia shimoni siku ya Sabato, si anatolewa?"

"Anatolewa."

"Basi."

"Wewe ni ng'ombe?"

"Leo, Mwalimu, mimi ni ng'ombe."

Hakutabasamu. Alikitazama kile kipande cheupe kilichomfunika kuanzia vidoleni hadi karibu na kiwiko, akaitazama simu yake juu ya meza.

"Miaka arobaini na mbili sijavunja Sabato kwa shilingi," alisema. "Nyamaza kidogo, niongee na mwenyewe." Akafumba macho, midomo ikaanza kucheza.

Nilikuwa bado nimemtazama midomo simu yangu ilipotetemeka mara ya tatu. Mama Velma. Nikatoka hadi kwenye korido.

"Lynnet."

"Nimetumiwa ujumbe na chuo." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, na hiyo ndiyo iliyonitisha. "Unasema, ndugu mdhamini, mwanafunzi wako Ombui hajalipa hata shilingi, na mwisho ni leo saa sita usiku. Nikajua wamekosea. Nikampigia mwalimu wenu. Anasema hakuna mazoezi yoyote, chuo kimefungwa. Uko wapi, baba Velma?"

"Nisikilize kwanza."

"Uko wapi?"

Kwa mara ya kwanza katika siku kumi, jibu langu lilikuwa kweli tupu. Nilitazama mikono yangu. Unga wa dari ya sebuleni ulikuwa bado umekwama kwenye kucha, na juu yake yamekauka matone ya plasta ya mkono wa Mwalimu, yote meupe, hata mimi mwenyewe siwezi kuyatenganisha.

"Niko chumba cha plasta," nikasema.

Nikamsikia Velma nyuma yake akiuliza kama baba amekula. Kisha mke wangu, ambaye hakucheka hata Suna nzima iliponicheka, akaniuliza polepole:

"Plasta gani?"